Mwacheni Riccoldo akiwa mzima

Miezi mitatu na nusu. Huo ndio muda ambao Riccoldo da Monte di Croce, mtawa wa Kidominiko kutoka Florence, alisafiri na waongoza ngamia Waislamu katika majangwa ya Waarabu na Waajemi, mwishoni mwa karne ya 13. Alipokuja kuandika habari za safari yake, alisema kwamba katika kipindi chote hicho, iwe uchovu iwe hatari, hakuwaona watu wale wakiacha sala. Saa zake zilipofika walisali, mchana na usiku. Kila nikiisoma habari hiyo namfikiria mwandishi wake. Naye alikuwa mtu wa sala za saa maalumu, aliyefunzwa utawani kukatisha usingizi kwa ajili ya Mungu. Aliwaelewa wale waongoza ngamia kwa namna ambayo mfanyabiashara aliyepita njia hiyohiyo asingewaelewa.

Riccoldo aliingia utawani Santa Maria Novella, huko Florence, mwaka 1267. Mwaka 1288 akafika Akka, mji wa bandari wa Palestina uliokuwa bado mikononi mwa Wakristo wa Ulaya, akazuru Nchi Takatifu, kisha akashika njia ya mashariki kupitia Tabriz na Mosul hadi Baghdad, mji ambao Wamongolia walikuwa wameuteketeza mwaka 1258. Huko alijifunza Kiarabu, akakaa na wanazuoni, akaisoma Kurani kwa lugha yake yenyewe. Na aliyoyaona aliyaandika bila ubahili: bidii ya Waislamu katika elimu, unyenyekevu wao katika sala, huruma kwa maskini, heshima kwa jina la Mungu na manabii, utulivu wa mwenendo, ukarimu kwa wageni, upendo baina yao. Anasema walimpokea majumbani na kwenye madrasa zao kama malaika wa Mungu.

Huyuhuyu ndiye aliyeandika kitabu kizima cha kuipinga Kurani, na ni kitabu kikali kwelikweli. Kilitafsiriwa kwa Kigiriki katika karne ya 14, na mwaka 1542 Martin Luther akakitoa kwa Kijerumani. Kwa karne nyingi, Wakristo wengi wa Ulaya waliomjua Riccoldo walimjua kwa kitabu hicho.

Sasa linalonikera ni hili. Anayetaka kuthibitisha kwamba Wakristo wa zama zile hawakuwa na lolote kwa Waislamu ila chuki, anachukua kitabu hicho cha kuipinga Kurani na kulifunga jalada. Anayetaka kutuambia kwamba zamani watu walipendana, anachukua ile orodha ya sifa katika kitabu cha safari na kuishia hapo. Kila mmoja anaondoka na nusu ya mtu. Tena wote wawili wananukuu sawasawa, ndiyo maana ni vigumu kuwakamata.

Wapo wanaotafuta njia ya katikati. Wanasema Riccoldo alikuwa rafiki mpaka Mei 1291, Wamamluki, watawala Waislamu wa Misri, walipoiteka Akka, ndipo moyo ukageuka. Maumivu yake yalikuwa ya kweli, sikatai. Nyara za Akka zilipofika masokoni kwa Waislamu aliziona kwa macho yake: vitabu vya ibada, mavazi ya makanisa, na kanzu ya mtawa mwenzake imetobolewa kwa silaha. Aliinunua kanzu ile. Hata hivyo maelezo hayo hayasimami, kwa sababu vitabu vyote viwili aliviandika karibu na mwaka 1300, akiwa amesharudi Florence na kanzu ile ameshaiona zamani. Na ndani ya kitabu cha safari chenyewe, ukishamaliza zile sifa, kurasa zinazofuata zinaishambulia sheria ya Kiislamu kwa maneno makali. Mkono ni mmoja na wino ni mmoja. Hakuna Riccoldo wa kabla na Riccoldo wa baada.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi. Riccoldo mwenyewe anasema sifa zile hakuzitoa ili kuwatukuza Waislamu, bali kuwaaibisha Wakristo. Basi, wanasema, sifa zile ni fimbo tu ya kuwachapia waumini wake. Mimi sikubali. Mtu anayetaka fimbo tu anaokota yoyote iliyo karibu. Hahitaji kuhesabu miezi mitatu na nusu, wala kukumbuka kwamba sala ya alfajiri na ya jioni ndizo zilizoshikwa zaidi. Huo ni ushahidi wa aliyekuwepo. Kwamba aliutumia kwa shabaha yake hakuufanyi uongo.

Pengine naamini hivyo kwa sababu ya nilikokulia. Mtaani kwetu mihadhara ya dini ilifanyika uwanjani jioni, Biblia huku, msahafu huku, spika zikivuma mpaka Isha. Watu walibishana juu ya Nabii Isa hadi sauti zikakauka, na wiki hiyohiyo walibeba jeneza moja, wakachimba kaburi moja, wakala wali wa msiba sinia moja. Hakuna aliyewaita wanafiki. Hoja zao walizimaanisha, na lile jeneza pia.

Kwa hiyo ninachomwomba mwanahistoria si kuamua Riccoldo alikuwa upande gani. Amsome kwa Kilatini chake, taratibu, hasa zile barua tano alizoziandika baada ya kuanguka kwa Akka, akizielekeza mbinguni. Ndani yake analalamika. Anauliza kwa nini Mungu amewapa Waislamu ushindi. Katika barua mojawapo anasimulia kwamba mara nyingi, akiwa anaisoma Kurani kwa Kiarabu huku moyo umemjaa uchungu, aliuweka msahafu umefunuliwa juu ya altare, mbele ya sanamu ya Kristo na ya mama yake, akasema: Soma, soma anayoyasema Muhammad.

Na akaandika kwamba ilimwelekea kana kwamba Kristo hataki kusoma.