Mgeni Siku Mbili, ya Tatu Mpeni Kisu cha Kotimiri

Jumapili iliyopita binti mmoja wa Korogwe, ambaye simjui zaidi ya kwamba alisoma na mdogo wangu, alinitumia picha nne WhatsApp. Amepata nafasi ya kwenda Rabat, Morocco, kujifunza Kiarabu, atakaa na familia, na atafika siku chache kabla ya mwezi kuandama. Picha zile ni kurasa za mwongozo wanaopewa wanafunzi watakaokaa na wenyeji Ramadhani. "Dada, wewe ulishaenda. Haya mambo ni ya kweli?"

Nilizifungua nikiwa kwenye daladala. Kufika aya ya tatu nikasonya kwa sauti mpaka abiria wa pembeni akahamisha mkoba wake. Ni ule ule! Mwongozo ule ule niliopewa mimi mwaka 2019, hata koma hazijahama. Kwamba mwanafunzi asiyefunga ataendelea kupata milo mitatu kwa siku. Kwamba chakula cha mchana ataletewa chumbani. Kwamba halazimiki kushiriki shughuli za nyumba katika kipindi hiki "kigumu". Kigumu kwa nani, hawakusema.

Basi namjibu hapa hapa, maana majibu yangu hayaenei kwenye ujumbe wa sauti, na nikirekodi nitatukana.

Mimi ni Mkristo wa Muheza. Ramadhani nimekua nayo kutokea upande wa pili wa ua. Jioni jirani yetu alituletea futari, mihogo na magimbi ya nazi, siku nyingine tambi, bakuli limefunikwa kawa. Mama hakuwahi kulirudisha bakuli lile tupu hata siku moja. Msimu wa machungwa lilirudi na machungwa. Msimu usio na machungwa lilirudi na sukari, au mayai mawili, au nyanya za bustanini zilizofutwa vumbi kwa kanga. Mchana sisi tulikula ndani, bila kelele, na hakuna aliyetuita kobe. Kobe ni yule aliyekula daku na wenzake halafu saa sita ukamkuta nyuma ya mgahawa uliotundikwa pazia, anafuta mdomo. Sisi tulikuwa na Kwaresima yetu na visingizio vyetu.

Kwa hiyo nilipopanda ndege nilijiona mtaalamu. Ramadhani? Mimi? Niulizeni.

Nilifika Ijumaa, tarehe 3 Mei. Jumapili yake saa zikarudishwa nyuma. Morocco tangu mwishoni mwa 2018 wanakaa saa moja mbele ya Greenwich mwaka mzima, isipokuwa Ramadhani, ndipo wanairudisha ili magharibi iwahi kuingia, na mwezi ukiisha wanaisogeza tena mbele. Simu yangu ikajibadilisha yenyewe. Saa ya ukutani jikoni ikaachwa mpaka apatikane mtu wa kupanda kwenye kiti. Mama mwenye nyumba akitaja saa ya zamani, mwanawe anataja saa mpya, na mimi kichwani ninayo ya Kiswahili. Siku mbili nzima nyumba ile ilikuwa na saa tatu na mimi nilizikosea zote.

Mwezi nao wakauchelewesha. Saudia walianza kufunga Jumatatu tarehe 6, Morocco Jumanne tarehe 7. Hapo nilijisikia niko Tanga kabisa, ila sebuleni hapakuwa na mjomba wa kupiga meza akigombania mwezi wa Makka na mwezi wa kitaifa. Televisheni ikatangaza, bibi wa nyumba akasema alhamdulillahi, watu wakaenda kulala.

Sasa, ile Jumanne.

Sikuwa na masomo siku hiyo. Saa saba mchana mlango wa chumba changu ukagongwa. Nikafungua. Mama mwenye nyumba amesimama na sinia: kuku wa zafarani na zeituni, mkate wa mviringo, sharubati ya machungwa, na kitambaa cha kujifutia kimekunjwa pembe tatu. Huyu ni mama aliyeamka kabla ya saa kumi alfajiri kula daku. Hatatia tone la maji mdomoni mpaka saa moja na dakika ishirini jioni. Kuku yule amempika bila kuonja chumvi. Akanitabasamia, akasema neno moja, "Kuli", yaani kula, kisha akaurudisha mlango polepole, kama mtu anayemwacha mgonjwa apumzike.

Nikabaki na kuku.

Nyumba za mji mkongwe wa Rabat zimejengwa kuzunguka ua wa ndani, na vyumba vyote vinatazama huko. Ukidondosha kijiko, nyumba nzima imesikia. Nilitafuna mkate ule kwa adabu ambayo sijawahi kuwa nayo, nikiukandamiza kwa ulimi usitoe sauti, huku nasikia watoto wa miaka kumi wanaojaribu kufunga kwa mara ya kwanza wakibishana nje ya mlango wangu. Huko Muheza nilikula Ramadhani zote za utoto wangu bila aibu. Rabat, nikiwa na ruhusa ya maandishi, nilijiona kobe.

Siku ya pili nilirudi mapema kutoka darasani, na sinia ilikuwa inanisubiri. Tajini, nyama ya kondoo iliyopikwa polepole chunguni. Nyama nyingi niliifunga kwenye karatasi nikawapelekea paka wa uchochoroni, na paka wa Rabat, nawaambieni, hawajui kufunga.

Baadaye sana kijana wa nyumba alinieleza. Familia inalipwa kwa kila mwanafunzi, nao wana karatasi yao kama sisi tulivyo na yetu, na kwenye karatasi hiyo imeandikwa milo mitatu. Mama yule aliogopa. Alihisi mchana mmoja ukipita bila sinia, mtu wa ofisini atapiga simu kuuliza mgeni amekula nini. Kwa hiyo sote wawili tulikuwa tunateseka kwa sababu ya karatasi: yeye anapika asichotaka kukinusa, mimi nakula nisichoweza kukimeza, na kila mmoja anamtabasamia mwenzake mlangoni.

Hapa ndipo ninapogombana na waandishi wa mwongozo. Wamefikiria tumbo tu. Wamehesabu milo, wamehesabu saa za kulala, wameweka hadi namba ya kupiga ukiumwa. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mwanafunzi anafanya nini kuanzia saa tisa alasiri mpaka magharibi. Nitawaambia nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nimelala chali natazama dari. Na huko chini nyumba yote inachemka. Kuna mtu anatwanga. Kuna mtu anakaanga shebakia na kuzichovya kwenye asali, harufu ya ufuta inapanda ngazi. Shangazi amekuja na mabinti zake. Supu ya harira inakorogwa, adesi, dengu, nyanya, mafungu ya kotimiri makubwa kama mafagio, na mtu anapiga kelele kwamba unga hautoshi. Watu wanagombana, wanacheka, wanaitana. Nikishuka ngazi, kimya. Kila mtu anasimama. "Karibu, karibu, kaa." Naletewa mto. Nakalishwa kwenye kochi la sebule nzuri, peke yangu, kama bwana aliyekuja kuposa anasubiri kukataliwa.

Mnajua nilivyokuwa mpweke? Wiki ile nililia kwa sababu ya mto. Mto wenyewe mzuri, wa hariri.

Sisi wenye lugha hii tuna maneno tuliyoachiwa: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wanayatumia kumsema mgeni aliyekawia, kana kwamba mzee aliyeyasema alikuwa mchoyo wa ugali. Mimi nayasoma kutokea upande wa mgeni. Siku mbili nipumzishe, ndiyo, nina vumbi la safari. Lakini siku ya tatu nipe jembe, tafadhali, nakuomba, maana asiye na jembe hajui asimame wapi asubuhi. Kila mtu anaelekea shambani na yeye amebaki uani na kuku. Ukimkabidhi jembe umeshamhesabu. Hata akilima vibaya, hata akikata mche wa muhogo akidhani ni gugu, atagombezwa, na kugombezwa ni jambo la watu wa nyumbani. Mgeni hagombezwi. Mimi nilitamani nigombezwe!

Waandishi wa mwongozo nawakubalia machache, kwa shingo upande. Kwamba usile barabarani mchana: ni kweli, na si adabu tu. Kifungu cha 222 cha sheria yao ya jinai kinampa kifungo cha mwezi 1 hadi miezi 6, pamoja na faini, mtu anayejulikana kuwa ni Mwislamu akila hadharani mchana wa Ramadhani bila sababu inayokubalika. Mimi si Mwislamu, lakini sikuona haja ya kumfafanulia askari habari za kipaimara changu. Kwamba mwenye dawa za kumeza ameze na ale: hilo halina mjadala. Kwamba wapo wanafunzi wasiotaka kabisa kuingia jikoni kwa watu: wapo, na mto wa hariri wapewe wao.

Kuhusu rangi, mwongozo uko kimya. Mtaa wa Souika kila baada ya duka la tatu niliulizwa kama natoka Senegal, na si kila aliyeuliza alikuwa na nia njema. Hilo nitaliandikia siku yake.

Alhamisi, siku ya tatu ya mfungo, niliamua kuyatekeleza maneno ya wazee kwa nguvu. Saa kumi jioni nikashuka, nikaipita sebule, nikaingia jikoni moja kwa moja nikashika kisu kilichokuwa juu ya kotimiri. Mama akakidaka. "La, la, la." Wewe ni mgeni. Nikasema hapana. Yeye akasema ndiyo. Tukawa tunavutana kisu, wanawake wawili wazima, mmoja hajala tangu alfajiri.

Nikajaribu kumweleza. Kiarabu changu kilikuwa cha kitabuni, na Kiarabu cha kitabuni kinatosha kwa kusema "kwetu, siku mbili, mgeni". Nikafika kwenye siku ya tatu nikakwama. Jembe ni nini kwa Kiarabu? Hatukuwa tumefundishwa. Tulikuwa tumefundishwa "uwanja wa ndege" na "ubalozi". Basi nikaweka kisu chini, nikainama katikati ya jikoni lile, nikalima. Nililima kweli, kwa mikono yote miwili, kutoka kwenye friji hadi mlangoni, matuta mawili. Mabinti wa shangazi wakashika midomo.

Bibi alikuwa kwenye kigoda pembeni, tasbihi mkononi. Bibi huyu alizaliwa shamba, mjini aliletwa na ndoa. Akanitazama, akasema kwa sauti: "Fas!" Nikadhani anataja mji wa Fes. Nikasema hapana, bibi, Tanga. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akainua mikono yake mikavu akalima na yeye, pale pale alipokaa. Fas. Jembe. Alikuwa ameyashika maneno yangu yote. Akamgeukia mkwewe akamwambia kitu kifupi sana, na mama yule akanisukumia mafungu matatu ya kotimiri bila kunitazama.

Nilikata vibaya. Vipande vikubwa mno. Akanigombeza.

Kesho yake sinia haikuja. Tulikubaliana, kwa maneno na kwa mikono, kwamba mkate na zeituni viko kabatini na mwenye njaa anajua mlango wa jikoni. Watu huniuliza kama mwishowe nilifunga. Siku kumi na moja. Wakiuliza zaidi huwa nabadilisha mazungumzo.

Na nikapewa kazi ya mkate. Unga unakandwa nyumbani, mikate inapangwa kwenye ubao, inafunikwa kitambaa, inapelekwa tanuri la mtaa kuokwa. Ubao uko kichwani, na hapo angalau nilikuwa na ujuzi kuliko wote, maana ndoo za Muheza hazikunilea bure. Saa ile ya kabla ya magharibi mitaa ina hasira. Wana neno lake, mramden, mtu aliyeharibiwa tabia na saumu: niliona madereva wawili wameshikana mashati kwa ajili ya nafasi ya gari, na mtoto wa nyumba, umri wake miaka tisa, akanifafanulia kwa utulivu wa daktari, "mramden". Tanurini mwokaji alinitazama mara moja, akatazama ubao, akauliza ni wa nyumba ya nani. Nikaitaja nyumba. Akaandika chaki, akausukuma ndani, akamwita anayefuata.

King'ora cha magharibi kilipolia nilikuwa jikoni bado, nina unga mpaka kwenye viwiko, na tende ya kwanza niliila nimesimama kwa sababu kochi lilikuwa limejaa.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Korogwe: nenda. Usiahirishe hadi baada ya Idi kama wanavyokushauri. Ukurasa wa dawa na wa namba za simu utunze, huo mwingine fungia vitumbua. Na kabla hujaondoka nitafute. Siku niliyoondoka Rabat mama yule alinifungia shebakia kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha bluu. Nilizimaliza kabla ndege haijatua. Kopo bado liko kabatini kwangu, miaka yote hii, na mama yangu kila akiliona ananiuliza ni la nani na kwa nini halijarudi. Machungwa hayawezi kufika Rabat. Nimenunua iliki ya Amani, kilo moja na nusu, nadhani itaenea ukiishindilia.