Kwa mteremko wa Newala, nipe gia za mkono

Msimu wa korosho ukifika na hela ikaanza kuonekana, huku Mtwara naulizwa swali lile lile na watu wanaotafuta gari yao ya kwanza, saluni ndogo ya kutembelea: nichukue oto, inayojibadilishia gia yenyewe, au manyuo, ya gia za mkono? Wengi wao wameshaamua oto, wanatafuta wa kuwaunga mkono tu. Mimi siwaungi, na sababu yangu inaanzia Newala.

Mji ule umekaa juu kwenye uwanda wa Makonde. Ukitoka kuelekea Masasi, lazima uporomoke. Kuna mwaka nilishuka pale na gari ya kuazima, oto, tuko watu wanne na magunia mawili ya makopa kwenye buti. Niliiacha kwenye D, ile ya kwenda mbele kawaida, kama nilivyozoea mjini, mguu juu ya breki tangu kileleni. Tulipofika katikati nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Pedeli ikaanza kuzama, laini, kama nakanyaga godoro. Mjomba alikuwa amekaa kushoto kwangu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mpwa wangu, breki unaimaliza. Itoe kwenye D, tia 2." Nikatia. Injini ikanguruma, gari ikashikwa. Chini tulisimama kusubiri breki zipoe, na rimu za mbele zilikuwa hazigusiki kwa moto.

Utaniambia basi oto haina kosa, 2 na L, gia zake za chini, zimewekwa kwa kazi hiyo hiyo. Kweli kabisa. Lakini nimepanda oto za watu wengi, na walioziondoa kwenye D mteremkoni nawahesabu kwa vidole. Manyuo haikupi nafasi ya kusahau. Kabla hujaanza kushuka, mkono umeshachagua gia ya pili au ya tatu, na injini inaizuia gari wakati breki zinapumzika.

Halafu tuulizane: raha kubwa ya oto iko wapi? Iko kwenye foleni. Mtu anayetambaa Mbagala jioni, anakanyaga klachi mara mia kabla hajafika kwake, huyo mpe oto na wala simlaumu. Lakini Mtwara mjini foleni iko wapi? Ukitoka Mikindani mpaka Shangani, utakanyaga klachi mara chache tu. Na safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, sehemu kubwa unakwenda na gia ya tano, mguu wa kushoto umelala.

Linaloniuma zaidi ni matengenezo. Klachi pleti ikiisha, fundi wa Masasi, Nachingwea au Lindi mjini anashusha giaboksi, anabadilisha, na ukiwahi asubuhi unaweza kuondoka na gari yako jioni. Oto inaishi kwa mafuta yake, na zile za CVT, oto zisizo na gia za kuhesabika, ndiyo zaidi: ndani kuna mkanda wa chuma unaozunguka katikati ya puli mbili, na unataka mafuta yake maalumu. Jirani yangu aliwekewa mafuta ya oto ya kawaida kwenye CVT, gereji moja ambayo siitaji. Hata miezi miwili haikupita, gari ikawa inavuma bila kwenda. Giaboksi nyingine ilibidi iagizwe Dar, na pesa aliyoitoa ilikuwa ada ya watoto.

Kwenye mafuta ya petroli sitadanganya. Manyuo inazishinda oto za zamani za gia nne, lakini CVT nzima, iliyotunzwa, mara nyingi inakula kidogo kuliko manyuo. Na dada yangu ana goti bovu la kushoto. Alipochukua oto sikubishana naye. Nilimwonyesha 2 na L zilipo, basi.

Tatizo ni kwamba saluni za manyuo zimekuwa adimu, nyingi zinazoshuka kutoka Japani ni oto. Ukibahatika kuiona Toyota Carina ya manyuo ya gia tano, usiilipie kabla hujaipima klachi. Simama tambarare, hakikisha mbele hakuna mtu, vuta handibreki mpaka mwisho, tia gia ya tatu, kanyaga mafuta kidogo, kisha achia klachi taratibu. Injini ikizima, klachi bado inashika. Ikiendelea kunguruma na gari imesimama, pleti imekwisha, na bei lazima ishuke.