Anza na Kiti, Kopo la Unga Litasubiri

Marafiki na ndugu waliovuka miaka 45 huniuliza swali lile lile: "Nitumie unga gani wa protini ili nijenge misuli?" Hawaulizi wafanye zoezi gani, wala wale nini asubuhi. Naelewa swali linakotoka. Mtu ameona mikono imenywea, akipanda ngazi anatweta, kisha akafungua simu na kukuta vifua vilivyotuna vimepigwa picha kando ya makopo meusi yenye maandishi ya dhahabu. Kopo unalinunua leo na usiku unalala ukiamini umeshaanza. Zoezi halikupi faraja hiyo.

Mimi hujibu kwa kiti. Tafuta kiti imara kisicho na pa kuegemea mikono, kunja mikono kifuani, simama wima kisha ukae, mara 5, haraka uwezavyo. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa Ulaya wanaoshughulikia udhaifu wa misuli uzeeni liliweka mpaka: ukizidi sekunde 15, nguvu zako zinatia shaka. Nimewapima hivyo watu wa miaka 50 na kitu wanaojiona wazima kabisa, wakaishia sekunde 14 wakiwa wameshika magoti. Baada ya hapo mazungumzo kuhusu unga hubadilika.

Misuli kupungua kwa sababu ya umri kuna jina: sakopenia. Lilipendekezwa na Irwin Rosenberg mwaka 1989, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyama na upungufu. Wengi wetu tunaolihitaji jina hilo tumelizidi umri. Kabla yake, mzee akishindwa kuinuka ilisemwa tu kwamba ni uzee, na uzee haukutafutiwa dawa.

Ushahidi kwamba dawa ipo ulikuja mapema. Mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake huko Boston waliwachukua watu 10 wa karibu miaka 90, wakazi wa makao ya wazee, wakawafanyisha mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki 8. Nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka minne baadaye walirudi na watu 100, wakawagawa: wengine mazoezi, wengine kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili, wengine bila kimojawapo. Baada ya wiki 10, waliofanya mazoezi waliongeza nguvu kwa asilimia 113. Wasiofanya, asilimia 3. Na kinywaji cha lishe peke yake? Hakikupunguza udhaifu wa misuli. Ningekuwa na mamlaka, matokeo hayo yangebandikwa kwenye kila kopo.

Jambo hili sikulijua siku mama yangu alipougua. Alilala kitandani wiki mbili, nasi watoto wake tukamhudumia kwa moyo wote. Chakula tulimletea kitandani, maji tulimshikisha mkononi, akitaka kuinuka tunamwambia, "Pumzika, Mama." Ugonjwa ukaondoka. Siku aliyotakiwa kwenda chooni mwenyewe, alikaa na hakuweza kuinuka. Baadaye nikasoma utafiti wa mwaka 2007: wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Siku 10, na hao hawakuwa wagonjwa. Tulimpenda mama hadi miguu ikamwisha, na maumivu ya kulijua hilo bado ninayo.

Tukaanza na kiti chenye mito miwili juu yake, ili asishuke sana. Mara 5 asubuhi, mchana na jioni, nikiwa nimesimama mbele yake mikono tayari. Baada ya wiki kadhaa tukaondoa mto mmoja, kisha wa pili. Kisha tukampa mfuko wenye chupa ya maji aushike kifuani. Hatukuhitaji chombo kingine.

Wengi huniambia wanatembea kila siku, kwa hiyo wamemaliza. Kutembea ni kuzuri kwa moyo, wala simkatazi mtu. Lakini nyuzi za misuli zinazopungua zaidi kadiri umri unavyokwenda ni zile za kasi na nguvu, zile zinazokuokoa ukijikwaa, na mwendo wa taratibu hauziamshi vya kutosha. Huamka zinapobebeshwa mzigo. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi humfikiria yule aliyeinama akakipata, kisha asiweze kuinuka nacho. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki kwa kila mtu mzima, na waliofika miaka 65 waongeze ya kuufanya mwili usiyumbe na ya nguvu siku 3. Watu wameshika zile dakika 150 za kutembea, hili la pili wameliacha.

Mzigo uwe mzito kiasi gani? Uzito ambao ukifika mara ya 8 au ya 10 unahisi zimebaki mbili tu kabla ya kushindwa. Ukiona unaongea vizuri na kucheka hadi mwisho wa seti, yaani marudio yote ya mkupuo mmoja, ongeza. Chuchumaa, sukuma, vuta, beba. Hayo manne yanakutosha mwaka wa kwanza.

Sasa chakula. Kiwango kinachotajwa sana, gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ni cha kumzuia mtu mzima asipungukiwe. Kwa waliopita miaka 65, jopo la wataalamu lilipendekeza mwaka 2013 gramu 1.0 hadi 1.2. Kwa wanaonyanyua vyuma, uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha tafiti 49 ulionyesha faida ikiongezeka hadi karibu gramu 1.6, kisha inatulia. Mtu wa kilo 70, basi, kama ni mzee anahitaji gramu 70 hadi 84. Kama anajenga mwili kwa bidii, karibu 112. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15. Piga hesabu ya jana yako. Ukikuta asubuhi ilikuwa chai na mkate na protini yote ikaangukia usiku, hapo ndipo pa kurekebisha, maana msuli uliozeeka ni mzito wa kusikia: unaitika vizuri ukipata gramu 25 hadi 30 katika mlo mmoja kuliko vijidogo vidogo. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hizi kabla ya kuongea na daktari wake.

Unga wa protini nao siuchukii. Ni chakula kilichokaushwa, na kwa mzee asiye na meno ya kutafuna au hamu ya kula unasaidia kweli. Kosa ni kuufanya wa kwanza.

Kitu pekee cha kopo ninachotumia kila siku ni kreatini, gramu 5. Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliigundua ndani ya nyama mwaka 1832, na mwili wenyewe huitengeneza. Kazi yake ni kurudisha haraka nishati ya msuli unapofanya kazi kali, hivyo unapata rudio moja au mawili zaidi, na hayo ndiyo yanayojenga kadiri miezi inavyopita. Bila mazoezi, usitarajie mengi. Mwanzoni uzito unaweza kupanda kidogo kwa sababu ya maji yanayoingia kwenye misuli. Pia inaweza kupandisha kreatinini, kipimo kinachotumika kuangalia figo, kwa hiyo mwambie daktari unaitumia kabla hajatoa damu. Chukua ya kawaida, monohidrati. Zile za majina marefu hazijaonyesha kuizidi.

Makopo mengine zaidi ya hayo hunitia hasira. Homoni ya DHEA iliuzwa kama maji ya ujana. Jaribio la miaka 2 kwa wazee, lililochapishwa mwaka 2006, halikuona faida kwenye nguvu wala umbo la mwili. Vitamini D inamfaa aliyepungukiwa, lakini katika jaribio la zaidi ya watu 25,000 nchini Marekani, vipimo 2,000 vya kimataifa (IU) kila siku havikupunguza kuvunjika mifupa kwa watu wenye afya ya kawaida. Nako huko Marekani, sheria ya mwaka 1994 haimlazimishi mtengenezaji kuthibitisha kwa serikali kwamba virutubisho vyake vinafanya kazi kabla ya kuviuza. Bidhaa kadhaa za kujenga misuli zimekamatwa zikiwa na steroidi, dawa za homoni za kukuza misuli, ambazo lebo haikuzitaja. Ukinunua, tafuta alama ya maabara huru iliyopima kilichomo. Usipoiona, rudisha kopo rafuni.

Mama sasa ana miaka 78. Hukaa na kuinuka mara 5 kwa sekunde 12, mfuko kifuani, na tunaposahau hutukumbusha yeye. Jana alinipigia simu. "Mwanangu," akasema, "hizi chupa mbili zimekuwa nyepesi. Niongeze ya tatu?"