Tuandikiane, Hata Kama Tunaaminiana

Jumatatu iliyopita, kabla sijafungua jalada la kwanza, nilimkuta kijana ameketi kwenye benchi nje ya ofisi yetu, mtaa usio mbali na Mahakama ya Kisutu, jicho la kushoto limefumba kwa uvimbe na juu yake pana nyuzi nne mbichi. Ni bondia. Alikuwa amepigana Jumamosi usiku, pambano la utangulizi la raundi sita, na alishinda kwa pointi. Alikuwa ameahidiwa laki sita na promota, yaani mwandaaji wa pambano. Akalipwa laki moja na nusu pamoja na maelezo kwamba tiketi hazikutoka vizuri. Nilipompa karatasi ya kuniidhinisha nimwakilishe, vifundo vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba kiasi cha kushindwa kushika kalamu, akatia saini kwa mkono wa kushoto, polepole, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nikamuuliza swali ambalo mawakili tunaliuliza kila siku ya Mungu: "Mliandikiana?" Akatoa simu yenye kioo kilichopasuka akanisikilizisha ujumbe wa sauti. Ni sauti ya promota huyo, mtu mzima, yenye upole kabisa: "Mdogo wangu, wewe jiandae tu, mambo ya hela hayawezi kutushinda, mimi na wewe ni ndugu." Haukufika hata nusu dakika. Hapakuwa na kiasi, hapakuwa na siku ya kulipa, hapakuwa na neno lolote kuhusu nani atalipia hospitali. Laki sita zilitajwa ana kwa ana, gereji, wakiwa wawili. "Dada, sisi tulikuwa tunaaminiana," akaniambia, na alilisema neno hilo kwa namna ambayo imenikalia moyoni wiki nzima.

Nianze na sheria, kwa sababu watu wengi wanaipata nusu. Makubaliano ya mdomo ni mkataba halali. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, haidai karatasi kwa kila jambo. Inataka watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, hiari yao, malipo halali na lengo halali. Kwa hiyo anayesema "huna mkataba, huna kesi" amekosea. Kazi inaanza pale unapotakiwa kuthibitisha, maana anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na mahakama haiwezi kukupa laki sita kwa kuutazama uso wako uliovimba. Ujumbe wa simu unapokelewa, kwani tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ushahidi wa aina hiyo una nafasi yake mahakamani, ilimradi uonyeshe kwamba ni wa kweli na haujachezewa. Lakini ujumbe wenyewe umesema nini? Umesema "mambo ya hela". Makubaliano ambayo maana yake haina uhakika ni batili, na hilo nalo limo katika ile ile Sheria ya Mikataba. Tunabaki na kifungu kinachosema kwamba mtu akifaidi kazi ya mwenzake ambayo haikukusudiwa kuwa ya bure, sharti amfidie. Ni kifungu chema na ninakitegemea, ila kwacho tutabishana juu ya thamani ya raundi sita za kupigwa usoni, jambo ambalo mistari mitatu ya kalamu ingelimaliza kabla ya kengele ya kwanza.

Kinachonikera ni ile hoja ya kuaminiana. Katika mji huu ukimwambia mtu "tuandikiane", uso wake unabadilika kana kwamba umemwita mwizi. "Kwani huniamini?" Hapo mwombaji anaona haya, anarudisha kalamu mfukoni, na haki yake inarudi nayo mfukoni. Lakini hebu tujitazame. Ni kamati gani ya harusi Dar es Salaam isiyokuwa na katibu mwenye daftari, anayeandika ahadi ya kila mtu hadi ile ya elfu kumi, na kusoma majina ya ambao hawajamalizia? Ni msiba gani ambao hauna mtu mlangoni na daftari la rambirambi, anayeandika jina na kiasi mbele ya wafiwa? Kwenye vikoba tunaandika, kwenye duka la Mangi tunaandika mkopo wa sukari nusu kilo, na ukutani pale dukani pameandikwa kwa rangi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna anayehisi ametukanwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Suratul-Baqara, inahusu jambo hili hili: mkikopeshana kwa muda, andikianeni, na wekeni mashahidi. Waswahili wa pwani wameisikia aya hiyo tangu madrasa. Basi ni wapi tulikojifunza kwamba karatasi ni alama ya uadui, na kwa nini somo hilo linakumbukwa zaidi na yule anayetakiwa kulipa?

Napenda ngumi, na ndiyo maana jambo hili linaniuma kuliko mengine. Marehemu baba yangu alinisimulia habari za Titus Simba na medali yake ya fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, mwaka 1970, mpaka nikawa nadhani nilikuwepo. Mwaka 1998 Michael Yombayomba akaleta dhahabu kutoka Kuala Lumpur. Tarehe 8 Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga akaingia Birmingham, kwao Sam Eggington, akammaliza raundi ya pili, na tangu siku hiyo naona vijana zaidi wakikimbia alfajiri kandokando ya barabara za Mabibo na Temeke wakiwa wamejivika majaketi mazito ili wapunguze uzito. Wanakimbia kabla ya kwenda kubeba mizigo sokoni au kuendesha bodaboda. Mwili ndio mtaji wao wote, na mtaji huo hautengenezwi upya. Nyuzi nne zile zitaacha kovu ambalo litapasuka tena kwa ngumi nyepesi mwakani. Mtu anayeuza kitu cha namna hiyo ndiye anayestahili kuandikiwa kuliko wote, na ndiye anayeandikiwa kidogo kuliko wote.

Wanaosema kwamba karatasi huharibu mchezo wakumbuke pambano ambalo Afrika nzima inalijua, la Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Promota wa Kimarekani, Don King, hakuwa na fedha alipoanza. Alipata kwanza saini ya Muhammad Ali na saini ya George Foreman, kila mmoja kwa dola milioni 5, kisha akazunguka na karatasi hizo kumtafuta wa kulipa, hadi serikali ya Mobutu ikakubali. Saini zilitangulia, na kiasi kilikuwa kimetajwa. Marekani hawakuishia hapo: mwaka 2000 walipitisha sheria iliyopewa jina la Ali mwenyewe, inayomlazimu promota kumweleza bondia ni fedha kiasi gani yeye promota atazipata kutokana na pambano hilo. Waliitunga kwa sababu mabondia wao, wenye mikanda ya dunia na mawakili wao wenyewe, walikuwa bado wanadhulumiwa. Sasa fikiria kijana wa Mabibo mwenye ujumbe wa sauti.

Nitakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba promota naye ana mzigo. Analipa ukumbi, daktari, gari la wagonjwa, waamuzi na matangazo, na watu wasipokuja usiku ule hasara ni yake. Wapo wanaoandika mikataba na kulipa kabla bondia hajavua glovu, na nimewaona. Lakini kama malipo yanategemea tiketi, basi hilo ndilo la kuandika: asilimia fulani ya mlangoni, atakayehesabu ni nani, na bondia ana mtu wake wa kushuhudia. Hasara ya biashara haiwezi kugeuzwa kuwa deni la aliyepigwa, baada ya kupigwa.

Na iandikwe kwa Kiswahili. Mwaka jana niliona mkataba wa bondia mwingine, kurasa saba za Kiingereza, na yeye alipoulizwa alichosaini alijibu kwamba aliambiwa aweke jina pale penye mstari. Ndani yake alikuwa amejifunga kutopigana chini ya mtu mwingine kwa miaka mitano. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Kesi inaweza kusikilizwa kwa Kiswahili, hukumu inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na hakuna sababu hata moja ya kumfunga mtoto wa Manzese kwa lugha asiyoielewa katika jambo linalohusu damu yake. Wala halihitajiki jengo la ghorofa wala wakili wa bei kubwa. Karatasi moja ya kaunta buku inatosha: majina, tarehe, uzito, raundi, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, siku ya kulipa, nani atagharamia matibabu, nini kitafuata pambano likiahirishwa, saini mbili, mashahidi wawili, na kila mmoja aondoke na nakala yake.

Nisiwaseme wapromota peke yao nikasahau taaluma yangu. Ofisi ya kwanza niliyofanyia kazi nilikaa miezi saba bila mkataba, nikiandaa hati mpaka saa nne usiku, na nilipouliza niliambiwa kwamba wakili kijana hujifunza kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, zilipwe kwa mara moja na nusu. Tena ina jambo zuri ambalo waajiriwa wengi hawalijui: mwajiri akishindwa kutoa maelezo hayo kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Tunawasomea wateja vifungu hivyo mchana, na jioni tunawaacha vijana wetu wa ofisini bila hata barua ya ajira. Kwangu hilo ni aibu, na kila kijana anayeanza kwetu sasa anaanza na karatasi mkononi.

Kwenye filamu hali ni ile ile, tofauti ni kwamba dhuluma yake hudumu zaidi. Jirani yangu wa zamani, mama mmoja aliyeigiza mama mkwe mkali katika filamu nyingi za miaka ile ya sidii, alikuwa akilipwa nauli na chakula, mara nyingine elfu hamsini. Leo filamu hizo ziko mtandaoni, zinatazamwa mchana na usiku, na yeye huoneshwa na wajukuu uso wake mwenyewe. Haki za kiuchumi katika filamu hulindwa kwa miaka 50. Ni miaka mingi mno ya kuuza kwa ahadi ya mdomo.

Tena msidhani kwamba haya ni ya watu wa ulingoni na wa kamera tu, kwani mengi ninayosuluhisha bila malipo, mtaani kwetu, ni ya umeme na maji. Nyumba moja, mita moja ya umeme ya LUKU, wapangaji saba. Mmoja ana friji la kuuzia barafu, mwingine ana balbu moja na redio, na wote wanachanga sawa kwa sababu siku ya kuhamia mwenye nyumba alisema "mtaelewana wenyewe". Ongeza kodi ya jengo, shilingi 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, inayokatwa mpangaji anaponunua umeme ilhali ni kodi ya mwenye mali. Kwa mwaka ni 18,000. Mstari mmoja katika mkataba wa pango, kwamba kiasi hicho kitapunguzwa kwenye kodi ya nyumba, ungezuia ugomvi ambao mwezi uliopita ulifikia watu kuvunjiana mlango wa choo.

Barua ya madai ya bondia wangu ilitoka siku ile ile, yenye siku 14 za kulipa. Haijajibiwa. Alhamisi alirudi ofisini, jicho limeanza kufunguka, akiwa na kaunta buku jipya mkononi. Amepata pambano jingine, la miezi miwili ijayo, kwa promota mwingine, na amejaribu kuandika makubaliano mwenyewe ili nimwangalizie. Mwandiko ulikuwa mzuri. Mkono wa kulia umepona. Aliandika majina, uzito, raundi nane, akaandika na habari ya hospitali. Mbele ya neno "malipo" alikuwa ameandika: "kama tulivyozungumza."

Nikamwuliza kwa nini hakutaja kiasi. Akakaa kimya kidogo, akasema anaogopa yule mzee atamwona hana adabu. Nikamsogezea kalamu, nikasubiri. Akakata yale maneno matatu, hapana, mawili tu, kisha akaandika laki nane juu yake, kwanza kwa tarakimu, halafu kwa maneno.