Anza na ala, pochi itangoja

Kitu cha kwanza nilichowahi kushona kwa ngozi ni mkoba wa bastola, na bastola sina. Nilikuwa nimekesha nikitazama video za Wamarekani wakilowesha ngozi, wakiifinyanga kwa vidole gumba juu ya silaha hadi kila ukingo ukajichora, nikaona huu ni ufinyanzi wa vyungu, tofauti ni udongo tu. Tamaa ikaniingia.

Wenzetu hao hufinyangia bastola bandia za plastiki ya buluu. Sasa wewe jaribu kupita na kitu kama hicho kwa askari wa mlangoni, jengo lolote la katikati ya Nairobi, halafu umweleze kwamba unajifunza ushonaji. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, si ya kuchezea, na askari aliyesimama tangu alfajiri hana muda wa hadithi za sanaa. Nikachonga ya mbao. Hiyo nayo nikaiogopa, nikaificha chini ya kitanda kama bangi. Mkoba wenyewe ulitoka umelegea kama soksi ya mtoto. Nikahamia kwenye ala, mifuko ya ngozi ya kuvalisha visu, sime na makasi ya kupogolea, na huko ndiko niliko, huu mwaka wa tatu.

Sijutii kuanzia huko. Mtu akiniuliza aanze na nini, wapo watakaomwambia pochi, au kishikio cha funguo, kwa sababu ni rahisi. Mimi nakataa. Pochi ina huruma nyingi mno. Ikienda upande kidogo, noti zitaingia tu. Mshono ukipinda, utasema ni mtindo. Unaweza kutengeneza pochi kumi mbovu na marafiki wakakusifu kumi zote. Ala haikubali uongo. Igeuze juu chini na kitu kiwe ndani: kikianguka, umeshindwa. Kivute: kikigoma, umeshindwa pia. Ukubwa kati ya kuanguka na kugoma ni kama milimita moja hivi, na milimita hiyo ndiyo itakayokufunza ngozi ni nini.

Ala yangu ya pili ilinifunza kemia. Nilikwenda Kariokor, soko ambalo jina lake ni masalio ya Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambalo leo ukiingia unakutana na harufu ya gundi na ndala za ngozi zimepangwa ukutani. Nikanunua kipande kizuri, laini, cheusi, nikakilowesha usiku kucha, nikakibana kwenye kisu. Kilipokauka kikarudi kuwa bapa kana kwamba hatukuwahi kujuana. Nikakirudisha kwa mzee wa viatu aliyeniuzia. Akakikata pembeni kwa kisu chake, akanionyesha.

“Kijana, unaona hii buluu hapa katikati? Hii imepikwa na kromu. Ni ya viatu na mabegi. Hata ukiilaza kwa maji wiki mzima haitakusikia.”

“Sasa mzee, ile inayosikia ni gani?”

“Ile ya magome. Ndani ni kahawia mpaka mwisho. Dondosha tone la maji juu yake, inakunywa.”

Hapo ndipo ninapokasirika, na naomba msomaji anivumilie. Ngozi ya magome hutengenezwa kwa maji ya miti yenye tanini, ile dawa ya asili iliyo kwenye magome, na mmoja wa miti inayosifika duniani kwa kazi hiyo ni muwati, ule ambao Kiambu na Murang'a wanauita muthanduku na kuuchomea makaa. Ulitoka Australia, ukapandwa huku enzi za ukoloni kwa ajili ya hayo magome hasa. Ng'ombe tunao, magome tunayo, na bado nimezunguka Gikomba na Kariokor Jumamosi baada ya Jumamosi kutafuta kipande cha unene wa milimita tatu au nne ambacho hakina matundu ya kupe wala mikwaruzo ya seng'enge. Sehemu kubwa ya ngozi zetu huuzwa nje ikiwa imekamilika nusu, ile ya rangi ya samawati iliyotoka kwenye kromu, halafu ikarudi kwetu imekuwa viatu vya watu. Anayefanya kwa kujifurahisha kama mimi haokoi chochote hapo. Anaokota tu vipande. Nimejifunza kuwauliza mafundi wa mikanda, kwa maana mkanda mzuri hukatwa kwenye ngozi ileile ninayoitafuta, na mabaki yake yanatosha ala mbili za visu vidogo.

Nilipoipata, nikaiharibu. Niliilowesha vizuri, viputo vilipokoma nikaitoa, nikangoja rangi yake ianze kurudi, nikaifinyanga juu ya kisu kitupu. Asubuhi ilikuwa na madoa meusi kama wino uliomwagika. Tanini ikikutana na chuma penye unyevu, inakuwa nyeusi, na haitoki. Siku hizi nafunga kisu kwa karatasi ya mkate kwanza (mifuko ya plastiki ya sokoni tuliagana nayo Agosti 2017, lakini mkate bado unakuja umevaa yake). Na lile kosa limekuwa rangi yangu: natumbukiza waya laini wa kusugulia sufuria kwenye siki, naacha wiki moja kwenye chupa isiyokazwa kifuniko, napaka. Ngozi inageuka nyeusi mbele ya macho yako, weusi ulio ndani yenyewe. Mke wangu ameniomba ile chupa isikae tena karibu na ya kachumbari.

Kuhusu kushona nina msimamo mmoja tu: usiende kwa cherehani. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zinazokumbatiana katikati ya ngozi. Wa juu ukilika, wa chini hauna wa kumshika, na mstari mzima unaachia. Kwa mkono unatumia uzi mmoja na sindano mbili, kila tundu linapitiwa na zote, moja kulia na moja kushoto. Ukikatika upande mmoja, wa pili umeshika. Uzi uwe na urefu mara nne ya mshono, upakwe nta ya nyuki. Matundu nayapima kwa uma wa mezani, nayatoboa kwa msharasi. Uma huo ulikuwa wa seti ya harusi, nao sasa una meno matatu. Na upande wa makali ya kisu weka ukanda wa ngozi katikati ya kuta mbili, makali yale ukanda badala ya kula uzi. Kisu kitakachokata mshono wako kwa ndani hakikuarifu, kitakutokea mapajani.

Sime ndiyo iliyonishusha kiburi zaidi. Umeshaiona: nyembamba kwenye mpini, halafu inapanuka kuelekea ncha. Ukiifinyangia ngozi ikabana pote, basi umetengeneza jela, kwa sababu sehemu pana ndiyo inayopaswa kupita kwenye mdomo mwembamba. Niliharibu mbili kabla sijaketi kuitazama ala ya Kimaasai yenyewe, ile nyekundu. Ndani kuna mbao mbili nyembamba, na ngozi inavishwa juu ikiwa bado mbichi, ikikauka inajikaza yenyewe. Mbao ndizo zinazopokea upanga, ngozi kazi yake ni kuzishikilia. Watu walilimaliza suala hili zamani, na mimi nilikuwa natafuta jibu lake kwenye video ya mtu wa Texas.

Kila ninayemwonyesha ananiuliza swali moja: “Unauza ngapi?” Nairobi haimwamini mtu anayefanya kitu bila kukiuza. Ukisema ni ya kujifurahisha, wanakutazama kana kwamba umeficha mtaji. Nimeuza tatu, nikaacha, kwa sababu mteja wa tatu alitaka kumi na mbili kabla ya Krismasi na nikagundua nashona kwa hasira. Sasa natoa. Na kila ninayempa namwonya jambo ambalo muuzaji hawezi kulisema kwa sauti: kisu kisilale ndani ya ala. Ngozi huvuta unyevu, na msimu wa mvua chuma kitashika kutu humo. Ala ni ya kutembea nayo. Nyumbani kisu kikae kando, kimepakwa mafuta.

Ya karibuni nilimpa mama anayeuza miche kando ya barabara, karibu na tunapoishi, kwa ajili ya makasi yake ya kupogolea. Niliifanyia bidii: imefungwa chini kwa mishono miwili, kingo zimesuguliwa kwa nta mpaka zinang'aa. Nilikuwa nataka kuipiga picha. Baada ya mwezi nikapita kununua mche wa mparachichi, nikaikuta imetundikwa kwenye msumari, makasi yamelala ndani ya ndoo kama zamani.

“Baba, hii kitu yako ni nzuri,” akasema, “lakini inajaza udongo. Nikiweka makasi inasimama juu juu, haiingii.”

Nikaitikisa. Ukatoka udongo wa kujaza kiganja, na konokono mmoja. Nikaomba kisu chake, nikaikata chini, ile mishono miwili yote, pakabaki wazi. Akayatumbukiza makasi, akaigeuza juu chini, hayakuanguka. Akaendelea kunifungia mparachichi.