Dumuzi alianzia kwetu, elimu yake mbona haijafika?

Wiki iliyopita nilikuwa Urambo kwa mama mdogo. Alitoa hindi moja kwenye kihenge, akaligonga kiganjani, likamwaga unga. "Fukusi wa mwaka huu wakali, mwanangu." Nikamwambia, mama, huyu si fukusi. Huyu ni dumuzi, mdudu mwingine mtoboa mahindi.

Limeniuma mpaka leo. Dumuzi asili yake Amerika ya Kati, na mahali pa kwanza kugundulika Afrika ni mkoa wetu huu wa Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakulima wakambatiza Scania, jina la lile lori. Miaka zaidi ya 40 watafiti wanamchunguza, na mama mdogo anayeishi hukohuko alikoanzia bado anahifadhi mahindi na magunzi yake!

Dumuzi anayapenda hayo. Punje zikiwa zimeshikamana kwenye gunzi, anapata pa kujikaza akitoboa. Ukizipukuchua zinachezacheza, kazi inakuwa ngumu, na dawa ya vumbi inaifikia kila punje. Na dawa si dawa tu. Pirimifosi-methili inamuua fukusi lakini kwa dumuzi ni dhaifu. Kwake inatakiwa pemethrini, ndiyo maana viwili hivyo vikachanganywa pamoja. Mama mdogo alinunua vumbi la kupimiwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo isiyo na lebo, akalinyunyiza juu ya magunzi. Pesa alitoa, jasho alitoa. Alichonyimwa ni maelezo ya dakika kumi.

Wapo watakaonikumbusha Teretrius nigrescens, mdudu anayemla dumuzi, aliyeachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Ni kazi kubwa, sibishi. Ila dumuzi anazaliana hata kwenye miti mikavu porini, na sisi tumezungukwa na miombo. Kihenge cha mtu hakiwezi kumsubiri mdudu mwenzake aje kukiokoa. Makopa ya muhogo nayo dumuzi anayatoboa vilevile.

Anayeogopa dumuzi huuza mapema, bei ikiwa chini, kisha hununua mahindi hayohayo kwa bei ya juu njaa ikibisha hodi. Kwa hiyo namtaka bwana shamba kijijini mwezi wa sita, mahindi yakiwa bado yameanikwa uani, akae na kina mama wanaopukuchua. Akija Novemba atakuta unga.