Semina aende kijana wa kaunta

Ingia kwenye semina yoyote ya wajasiriamali, utakuta ukumbi umejaa wenye biashara. Wanafundishwa kutunza hesabu, kutafuta masoko, kuandika mchanganuo wa kuombea mkopo. Sina ugomvi na hayo. Ila saa hiyohiyo dukani kuna binti kaachiwa funguo, na yeye ndiye anayeulizwa maswali na wateja, ndiye anayepima, ndiye anayerudisha chenji. Jioni bosi anarudi na cheti na fulana. Binti anaendelea na kile alichoonyeshwa siku ya kwanza ya kazi, tena harakaharaka.

Mfano ninaoupenda unatoka Ruvuma. Mwaka 2003 iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ilianzisha huko Maduka ya Dawa Muhimu yachukue nafasi ya maduka ya dawa baridi. Haya ya zamani hayakuruhusiwa kuuza dawa za cheti cha daktari, lakini antibiotiki zilitoka hivyohivyo, mara nyingi nusu dozi, kulingana na hela ya mgonjwa. Wenye maduka wangeweza kuitwa, wakaonywa, wakarudi makwao. Mpango ule haukuishia kwa mwenye duka. Ulimfuata mtoa dawa mwenyewe. Alisoma kwa wiki kadhaa: dozi, namna ya kumsikiliza mgonjwa, kutunza kumbukumbu, na dalili za hatari ambazo ukiziona humuuzii mtu kitu, unamwelekeza hospitali. Mwenye duka naye akapewa mafunzo yake ya biashara. Duka lililotimiza masharti likaruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti, antibiotiki kadhaa zikiwemo. Kwa hiyo elimu ya mwajiriwa iliongeza bidhaa halali kwenye rafu ya bosi. Ni semina gani ya masoko imewahi kufanya hivyo?

Shida ni kwamba mtoa dawa akiondoka, cheti cha mafunzo ni chake, anaondoka nacho. Hapo waajiri wetu hukunja uso: "Nimsomeshe halafu akafungue lake mtaa wa pili?" Wapo watakaofungua, siwezi kumdanganya mtu. Lakini hasara hiyo inaonekana na inauma, wakati ile ya kutomfundisha haiandikwi kwenye daftari lolote. Nenda gereji. Magari mengi ya Kijapani yanayoingia siku hizi yana gia boksi za CVT, aina ya otomatiki yenye oili yake maalumu. Kijana aliyejifunzia kwenye magari ya zamani anamimina oili ya kawaida ya otomatiki, gari linatoka getini, baada ya muda gia boksi imekufa na mteja yuko mlangoni anadai. Gia boksi moja ni mishahara ya fundi ya miezi kadhaa. Hiyo bosi huiita bahati mbaya.

Serikali nayo imewapa waajiri wadogo nafuu kidogo. Tangu Julai 2021 Tanzania Bara, tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Kabla ya hapo ilianzia 4. Ni fedha iliyobaki mfukoni, na ningependa kuona sehemu yake ikienda kwa wale 5 au 6 waliopo. Pa kuanzia papo: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani, ikawapa cheti bila kuwarudisha darasani kuanza moja.

Kuhusu muda, kila biashara ina miezi yake mikavu. Unguja wageni hupungua wakati wa masika; mhudumu na mpishi wafundishwe wakati huo, si Julai meza zikiwa zimejaa. Na tafadhali, siku za mafunzo zilipwe kama siku za kazi, nauli juu yake.